Mheshimiwa Waziri, Turuhusu Kusema Tumekosea

Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya mawasiliano na teknolojia ya habari

Mikumi, Wilaya ya Kilosa,
Mkoa wa Morogoro

YAH: OMBI LA TAMKO KUHUSU WANAOSAHIHISHA MAKOSA YAO MTANDAONI

Mheshimiwa Waziri,



Naomba radhi kwa kukuandikia moja kwa moja, tena hadharani, badala ya kuipitisha barua hii kwa mkuu wangu wa shule, kwa afisa elimu kata, kwa mkurugenzi, na kwa ngazi nyingine ambazo utaratibu wa utumishi unanitaka nizipitie. Sikuziruka kwa dharau. Jambo lenyewe halina dirisha katika ofisi hizo. Kila niliyemgusia alinisikiliza kwa upole, kisha akaniambia hilo ni la wizara. Nami najua wizara ina minara ya kusimamisha, mikongo ya kutandaza, na watu wengi wanaohitaji sikio lako kuliko mimi. Kila dakika utakayoitumia hapa naihesabu kuwa fadhila, na nitajitahidi nisiipoteze.

Mimi ni mwalimu wa Jiografia hapa Mikumi. Kwa imani ya wenzangu, ni mmoja wa maadmini wa grupu la WhatsApp la wakazi wa mji huu. Humo wamo madereva wa malori yaendayo Tunduma, mama lishe wa stendi, waongoza watalii, wakulima wa mpunga na mahindi, wafugaji, mafundi pikipiki, wastaafu, na vijana ambao bando likiwaishia usiku huomba warushiwe MB chache ili wasikose mwisho wa ubishi. Asubuhi tunatangaziana misiba na michango. Mchana tunaulizana kama umeme umekatika mji mzima au kwa mtu mmoja tu. Usiku tunabishana.

Kubishana si tatizo, na naomba nisieleweke kwamba nalalamikia hilo. Watu wazima wasiobishana wana jambo wanaloliogopa. Kilichonileta mbele yako ni kwamba katika ubishi wote nilioushuhudia humo, ni nadra sana kumwona mtu akiandika "nimekosea, samahani". Watu hukosea kila siku, huoneshwa kosa kwa picha, kwa tarehe, hata kwa Gazeti la Serikali, na bado maneno hayo hayawatoki. Hukaza fuvu, kama wanavyosema vijana. Au hunyamaza. Au hutoka kwenye grupu saa sita za usiku bila kuaga. Nimelitafakari sana jambo hili, na jibu nililolifikia, kwa unyenyekevu mkubwa, sehemu yake iko mezani kwako.

Kwa ruhusa yako, nianze na ubishi mdogo.

Kijana mmoja anayeongoza watalii aliandika kwamba Mikumi ni hifadhi ya taifa ya nne kwa ukubwa nchini. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo wengi wanavyosema mpaka leo. Mwenzake akamjibu kwamba si kweli tena. Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, ina kilomita za mraba 3,230. Baadaye Mkomazi ilipandishwa kuwa hifadhi ya taifa ikiwa na kilomita za mraba 3,245, ikatupita kwa kilomita za mraba 15 tu. Mwaka 2019 ikaja Burigi-Chato yenye 4,707. Mwaka huohuo eneo jirani la kusini, lililomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous, likawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, yenye 30,893, ikazipita Serengeti na Ruaha zote mbili. Ukipanga upya, nafasi ya nne haipo tena mikononi mwetu.

Hapo ndipo jambo lingekwisha. Takwimu ziko wazi, hakuna fedha ya mtu iliyomo, hakuna chama, hakuna dini. Lakini jibu la kwanza la kijana lilikuwa "umesoma wapi wewe?" La pili: "wewe si mzaliwa wa hapa". La tatu: kwamba mwenzake ametumwa kuua utalii wa Mikumi ili wageni waende kwingine. Na takwimu zilipowekwa mara ya pili, akasema alimaanisha ya nne kwa umaarufu. Upande wa pili nao haukuwa na huruma. Mtu akaandika "tulia dawa ikuingie". Mwingine akaweka vikatuni vya kucheka, vikafuatana mpaka simu ikawa nzito kufunguka.

Jambo moja hakuna aliyemwambia kijana yule: kwamba kuna kipindi maneno yake yalikuwa kweli kabisa. Hakuyatunga. Nchi ilibadilika, mipaka ikachorwa upya, naye hakuambiwa. Nilimwandikia pembeni kumweleza hivyo. Alijibu "sawa mwalimu", basi. Baadaye nilimsikia kando ya lango akiwaeleza wageni habari za Mkomazi na Nyerere kwa ufasaha, takwimu zote ziko mahali pake. Alikuwa amekubali zamani. Ila grupuni hakurudi kusema, na hadi leo kuna watu humo wanaotumia ujumbe wake wa kwanza kama ushahidi.

Naomba uliangalie hilo kwa jicho la upole, Mheshimiwa. Tunadhani watu hawa hawabadiliki. Wanabadilika, ila kimyakimya, na kosa lao linabaki barabarani likitembea peke yake.

Wasomi nao waliwahi kudhani hivyo tunavyodhani. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Marekani, Brendan Nyhan na Jason Reifler, walichapisha utafiti ulioonesha kwamba kuna watu ambao, wakisahihishwa kuhusu jambo la siasa, huzidi kuliamini kosa lao. Habari hiyo ilienea duniani, na wengi wakaifanya sababu ya kukata tamaa: kumbe kumsahihisha mtu ni kumharibu zaidi. Kisha Thomas Wood na Ethan Porter wakalipima jambo hilo kwa watu zaidi ya 10,000 na mada nyingi, wakachapisha mwaka 2019 kwamba hali ile ni nadra mno. Watu wengi wakioneshwa ukweli husogea upande wake. Mwaka 2021 Nyhan mwenyewe akaandika kwamba matokeo yale ya mwanzo hayawezi kutumika kueleza kwa nini uongo wa kisiasa unadumu. Aliandika hivyo kwa jina lake, kwenye jarida la kisayansi, na kazi yake ingalipo.

Wala sihitaji kwenda Marekani kumtafuta mtu wa namna hiyo. Hapa wilayani kwetu, kituo cha utafiti wa kilimo cha Ilonga kinaishi kwa utaratibu huo: mbegu mpya hupandwa kando ya ile ya zamani, na ya zamani ikishinda, huandikwa kuwa imeshinda. Hakuna mtafiti anayeitwa mwongo kwa sababu mbegu yake imeshindwa shambani. Mazingira yake ya kazi yanamruhusu kukosea na kuendelea kuheshimiwa. Yetu ya mtandaoni hayaturuhusu, na hapo ndipo ninapoomba msaada wako.

Sasa niruhusu nikueleze ubishi mkubwa.

Masika fulani, mzee mmoja mstaafu, mtu anayeaminika kiasi kwamba akipendekeza kiwango cha mchango wa msiba hakuna anayeuliza, alirusha grupuni picha ya daraja lililosombwa na maji. Aliandika kwamba barabara ya Mikumi kwenda Kilosa haipitiki. Mvua ilikuwa inanyesha kweli, na barabara hiyo huwa inasumbua kweli, kwa hiyo hatukuwa na sababu ya kumtilia shaka. Mama mmoja aliyekuwa na matenga ya nyanya za kupeleka Kilosa alimwambia mwenye gari aahirishe. Gari likapata mzigo mwingine. Nyanya zilikuwa zimeiva tayari.

Jioni kijana wa bodaboda akaandika kwamba ametoka kijiji cha Ulaya muda uleule na njia ni nzuri. Akaweka na video: matope, ndiyo, lakini magari yanapita. Mwingine akaipata ile picha ya daraja. Ilikuwa ya miaka ya nyuma, tena si ya mkoa wetu. Mzee akaandika, "Tahadhari haijawahi kuua mtu." Alipobanwa zaidi akaandika, "Nani amekutuma?" Yule mama wa nyanya akaandika sentensi moja, bila tusi, akiuliza hasara yake ataidai kwa nani. Kufikia alfajiri pale palipokuwa na picha paliandikwa kwamba ujumbe umefutwa, na mzee alikuwa ameshatoka.

Nilikwenda nyumbani kwake. Nilimwamkia, tukazungumza habari za mvua na za watoto, kisha akayaleta mwenyewe ya ile picha. Aliniambia hivi, nami nakuandikia kwa idhini yake: "Mwalimu, mwanangu, picha nilitumiwa na mtu ninayemwamini. Nilijua nimekosea tangu ile video. Lakini nikiandika nimekosea, nitakuwa nimeandika kwa mkono wangu kwamba nilisambaza uongo. Kuna sheria ya mtandao. Kesho mtu mwenye chuki na mimi akiuchukua ujumbe huo akaupeleka kituoni, nitasema nini? Bora nionekane mbishi."

Sikuwa na jibu la kumpa pale pale. Nilirudi nikaitafuta sheria yenyewe.

Ni Sheria ya Makosa ya Mtandao, Namba 14 ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka huo. Kifungu chake cha 16, kama kilivyopitishwa, kinahusu kuchapisha taarifa za uongo, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Hizo namba ndizo zilizoenea. Kila mtu grupuni anazijua, hata asiyejua jina la sheria. Kwa mama lishe wa stendi, milioni tano ni mtaji wote na vyombo juu yake.

Lakini nilipokisoma mpaka mwisho, Mheshimiwa, niliona hakimlengi mzee wangu. Kinamzungumzia mtu anayechapisha huku akijua kwamba taarifa ni ya uongo au ya kupotosha, na mwenye nia ya kukashifu, kutisha, kutukana au kuudanganya umma. Kujua na nia, vyote vimo. Mtu aliyetumiwa picha na rafiki, akaiamini, akaisambaza kwa kuwahurumia wenzake, kisha akagundua na kusema "nimekosea", hana kimoja wala kingine. Tena kusahihisha kwake ni dalili nzuri kwamba hakuwa na nia mbaya. Mimi si mwanasheria, na kama nimekielewa vibaya naomba wanasheria wa wizara wanisahihishe, tena hadharani kama nilivyoandika hadharani.

Kilichotokea, kwa maoni yangu, ni kwamba adhabu imesafiri haraka kuliko maneno ya sheria. Watu wamesikia faini. Hawakusikia "kwa kujua". Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria zetu kwa mujibu wa sheria, na hiyo ni heshima kubwa tuliyopewa. Bado kuna safari kati ya sheria kuwa ya Kiswahili na mzee wa Mikumi kuijua. Katikati ya safari hiyo uvumi umejenga kibanda. Katika grupu letu wapo wanaoamini kwamba admini hufungwa kwa kosa la mwanachama. Wapo wanaoamini kwamba kufuta ujumbe ni kukiri, na wapo wanaoamini kwamba kutoufuta ndiko kukiri. Wote wanakubaliana jambo moja: usiandike kwamba umekosea.

Wahenga walisema mwungwana akivuliwa nguo huchutama. Walioisema methali hiyo waliishi na watu ambao mwenzao akichutama waligeuza macho, mmoja akamrushia shuka, mambo yakaisha. Mtandaoni hakuna anayegeuza macho. Mzee akichutama grupuni, picha ya kuchutama kwake itafika Kidodi, Ifakara na Morogoro mjini kabla hajasimama, na mwaka kesho italetwa tena siku atakayogombea uenyekiti wa kitongoji. Kuumbuliwa peke yake kunatosha kumfunga mtu mdomo. Ukimwongezea hofu ya polisi, ni nani atakayefungua?

Naomba nisiseme kwamba hofu ya sheria ndiyo sababu pekee, kwa kuwa ningekudanganya. Kiburi kipo. Uvivu wa kusoma upo. Wapo wanaojua wanachokifanya na wanakifanya kwa malipo. Wapo pia wanaume wazima wasioweza kukubali kusahihishwa na msichana wa kidato cha nne, hata akiwa na kitabu mkononi. Nawaona, na hilo ni letu kulishughulikia, si lako. Sisi maadmini tumeweka kanuni kwamba mtu akijisahihisha, hakuna kumcheka, na anayemcheka ndiye anayeondolewa. Tunajitahidi pia kumfuata mtu pembeni kabla ya kumkosoa mbele za watu, na kumuuliza alichokiandika alikipata wapi badala ya kumuuliza ana akili gani. Inasaidia kiasi. Lakini kila tukifika mahali pa kumwambia mtu "andika tu kwamba umekosea, hakuna litakalokupata", tunakwama, kwa sababu ahadi hiyo si yetu kuitoa. Ni ya mtu mwenye mamlaka yako.

Na sisi wa Kilosa tuna sababu ya kuiomba ahadi hiyo kwa moyo kuliko wilaya nyingi. Tarehe 8 Desemba 2000, katika mgogoro wa wakulima na wafugaji, watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni, wilayani humu. Wakati huo hakukuwa na WhatsApp, na chanzo cha msiba ule ni ardhi, maji na uongozi, si simu. Sitaki kukibandika mahali pasipo pake. Lakini kila mara mtu anaporusha grupuni picha ya ng'ombe ndani ya mahindi, bila kijiji, bila tarehe, mimi na wenzangu moyo huruka. Nimeona picha ya namna hiyo ikisambaa, nikaona majibu yakipanda ngazi ndani ya dakika chache, mkulima akimjibu mfugaji ambaye juzi walichangia jeneza pamoja. Aliyeirusha akiandika "jamani, si ya hapa, nimekosea", moto unazimika pale pale, kwa kuwa yeye ndiye aliyeuwasha na watu watamsikiliza. Admini akiandika maneno hayohayo, anaambiwa amenunuliwa. Hakuna mtu mwingine yeyote anayeweza kuifanya kazi hiyo vizuri kama yule aliyekosea, na huyo ndiye tuliyemtisha akakimbia.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo ni zito kwangu kulitamka, na ulimi wangu ukiteleza naomba unichukulie kama mtu wa nyumbani.

Wananchi hujifunza kusema "tumekosea" kwa kuwasikia wakubwa wao wakisema. Mwaka 2017 ujenzi wa reli ya kisasa kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro ulizinduliwa, nasi tukaambiwa kazi ni ya miezi 30. Grupuni wakatokea wa kuapa kwamba hiyo ni chai, treni ya umeme haitakuja kamwe. Wakatokea na wa kuapa kwamba Novemba 2019 watapanda. Treni ilianza kubeba abiria hadi Morogoro Juni 2024, na tarehe 1 Agosti 2024 safari hadi Dodoma ikazinduliwa rasmi. Leo inapita Kilosa, ikitoboa milima yetu kwa mahandaki, na mimi nawapeleka wanafunzi kuiona kwa fahari. Waliosema haitakuja hawajarudi kuandika kitu. Na upande wa waliotupa tarehe ya kwanza, sababu za kuchelewa zilitajwa kwa nyakati mbalimbali, nami naziheshimu, kwani mradi wa ukubwa ule una mengi. Ila "hesabu yetu ya mwanzo haikuwa sahihi, tunawaomba radhi", hayo mimi sikubahatika kuyasikia. Laiti yangesemwa, ningeweza kuwaonesha wale wa upande wa pili: mmeona, hata Serikali imesema, nanyi semeni.

Kusema hivyo kungekuwa kurudi nyumbani tu. Mwaka 1962, alipokuwa ameacha uwaziri mkuu ili akakijenge chama, Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu kidogo alichokiita Tujisahihishe, akiwahimiza wanachama wa TANU wajikosoe na wapime hoja badala ya kumpima mtu anayeitoa. Nchi haikuwa imetimiza hata mwaka mmoja wa kusherehekea Uhuru, naye tayari anatuita tukae tujikosoe. Mwaka 1977, Azimio la Arusha lilipotimiza miaka kumi, hakutuletea pongezi tupu. Alichambua tulipofika na tuliposhindwa kufika. Na mwaka 1984, katika mahojiano na jarida la Third World Quarterly, alisema kwamba kama angeanza upya asingezifuta serikali za mitaa wala kuvivunja vyama vya ushirika. Serikali za mitaa zilikuwa zimefutwa mwaka 1972, ushirika ukavunjwa mwaka 1976, na wakulima wa Kilosa wa enzi za pamba wanajua uzito wa jambo lile. Alilisema akiwa bado Rais. Sijawahi kukutana na mzee wa hapa aliyemshusha thamani kwa sababu hiyo. Wanapomsimulia, hilo ndilo wanalolitaja wakitaka kuonesha ukubwa wake.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Waziri, ombi langu ni dogo, na nalileta nikiwa nimeinamisha kichwa.

Naomba utoe tamko fupi, kwa Kiswahili cha kawaida, litakalomwambia mwananchi kwamba aliyesambaza taarifa akiamini ni ya kweli, na alipogundua kosa akalisahihisha mahali palepale alipolifanyia, hakusudiwi na kifungu kile. Na kwamba maneno "nimekosea" ni ya kiungwana, wala si maneno ya kujipeleka kituoni. Najua kushtaki si kazi ya wizara yako bali ya Mkurugenzi wa Mashtaka, na huenda ukahitaji kushauriana naye na wenzako wa Katiba na Sheria kabla ya kusema neno. Tutasubiri. Najua pia kuna watakaokuonya kwamba waongo watajificha nyuma ya samahani. Naomba uwajibu kwamba mwongo wa makusudi ana tabia tofauti: hufuta, hubadilisha jina, huhamia grupu jingine na picha ileile. Mahakama haitapata shida kumtofautisha na mzee aliyebaki palepale akaandika kosa lake kwa jina lake. Na hata akiponyoka mmoja, wengi watakaokuwa wamesahihisha watakuwa wametupunguzia uongo mwingi kuliko faini ilivyoweza.

La pili, kama halitakuwa kukosa adabu: kurasa rasmi za ofisi za umma zinapokosea, na kila mwenye kazi hukosea, ziache tangazo la zamani lionekane na kuandika chini yake kwamba lilikosewa, hili hapa sahihi. Tangazo linapobadilishwa kimya, mwananchi aliyesoma la kwanza hubaki akibishana na aliyesoma la pili, kila mmoja akiapa kwamba ameliona kwa macho yake, na wote wawili wanasema kweli.

Tamko likitoka, maadmini wa hapa tutalibandika stendi, kwenye ofisi za mitaa na kwenye mbao za shule, kwa gharama zetu. Kwa heshima naomba lisomwe pia kwa sauti na kurekodiwa, maana wazee wengi grupuni husikiliza kuliko wanavyosoma. Dakika mbili zinatosha, na lisiwe zito, kwa sababu wengi hutumia bando la siku.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa Jiografia,
Mikumi